Seva Iliyotunza Historia ya Kila Mtu Isipokuwa Yake

Ujumbe wa kwanza uliingia saa mbili na robo asubuhi. "Kaka, nasukuma kazi inagoma. Inasema diski imejaa." Kabla sijajibu ukaingia wa pili, kisha wa tatu. Nikaingia kwenye seva, nikaandika df -h, na jibu likaja: diski imetumika asilimia 41. Nikaandika tena. Asilimia 41.

Ilikuwa wiki ya sita tangu nikabidhiwe seva ile ya kudhibiti matoleo. Aliyeitunza kabla yangu alikuwa ameacha kazi, akaniachia nenosiri, anwani ya seva na karatasi moja yenye mistari minne. Niliona inatosha. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, nilikuwa nimeitumia miaka mingi katika kutengeneza programu. Kukomiti, yaani kuandika badiliko katika historia, kuvuta kazi kutoka kwenye seva, kuunganisha matawi na kusuluhisha migongano vilikuwa kazi yangu ya kila siku. Nilidhani anayejua kuitumia anajua pia kuitunza. Lakini mtumiaji huona historia ya msimbo, na mtunzaji huona kilicho chini yake: mafaili, ruhusa, akaunti, diski, na uamuzi wa watu waliopita hapo kabla yake.

Nusu saa nzima nilitafuta faili kubwa ambalo halikuwepo. Kisha nikakumbuka kuuliza swali la pili, df -i, na hapo ndipo nilipoiona asilimia 100. Mfumo wa faili wa ext4 hutenga idadi maalumu ya ainodi, yaani rekodi za kutambulisha mafaili, siku ile ile diski inapoandaliwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Kila faili hula ainodi moja, hata kama ndani yake mna herufi moja tu. Zikiisha, hakuna faili jipya litakaloandikwa, hata kama zaidi ya nusu ya diski iko wazi. Na ujumbe unaokujia ni ule ule wa "hakuna nafasi", kwa sababu mfumo hautofautishi kukosa baiti na kukosa ainodi.

Nani alikuwa amezila? Git huhifadhi kazi inayosukumwa kidogo kidogo kama vitu vingi, kila kimoja faili lake, jina lake likitokana na heshi ya SHA-1, yaani alama ya tarakimu 40 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Mambo yakiwa ya kawaida, vitu hivyo vikifika takriban 6,700, usafishaji wa git gc hujianzisha wenyewe na kuvifunga vyote katika furushi moja. Kwetu haukuwa umejianzisha kwa muda mrefu sana. Ndani ya faili la mipangilio la seva nzima palikuwa na mstari huu: gc.auto, sifuri. Mtu aliuzima usafishaji. Hapakuwa na maelezo, tarehe wala jina. Wakati huo huo, programu moja iliyojiendesha usiku ilikuwa ikikomiti matokeo ya majaribio, maelfu ya mafaili madogo kila siku.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kusafisha nako kunahitaji nafasi. Ili Git ifunge vitu kwenye furushi, lazima kwanza iliandike furushi lenyewe, na ainodi hazikuwepo. Ilibidi nihamishie kwenye kompyuta yangu mafaili mia kadhaa ya logi za zamani ndipo git gc ikapata pa kuanzia. Ilifanya kazi hazina (ghala la mradi mmoja na historia yake) moja baada ya nyingine mpaka baada ya adhuhuri, na mimi nikiwa nimekaa nikiangalia namba zikishuka kwenye git count-objects. Jioni kila mtu alikuwa akisukuma kama kawaida. Mimi nikabaki na ule mstari. Kwa nini aliuzima? Niliufuta, lakini swali halikufutika.

Yaliyonichosha zaidi yalikuja miezi michache baadaye, na yalinichosha kwa sababu mwanzoni hayakuwa na mpangilio wowote. Kikundi kimoja cha watengenezaji wa zamani kilikuwa kikiingia kwenye seva kila mtu kwa akaunti yake mwenyewe. Wengine wote walipitia akaunti ya pamoja iliyoitwa git. Wale wa zamani wakaanza kulalamika kwamba wanakataliwa kusukuma kwa kukosa ruhusa, ila si kila mara. Dada mmoja alisukuma asubuhi ikapita, mchana ikakataa, akabadilisha neno moja tu katika maelezo ya komiti yake, ikapita. Mwenzake alikuwa amejifunza kusubiri: akirundika kazi ya siku nne na kuisukuma yote kwa pamoja, inapita; akisukuma komiti moja ndogo, inagoma.

Nilikaribia kuulaumu mtandao. Kilichonizuia ni yule dada na neno lake moja. Mtandao haujui mtu ameandika nini katika maelezo ya komiti. Kinachojua ni heshi, kwa kuwa heshi ya komiti hubadilika ukigusa hata herufi moja ya maelezo hayo. Nikaanza kuangalia vitu vinaandikwa wapi. Git huvigawa katika saraka ndogo 256, kuanzia 00 hadi ff, kwa kufuata tarakimu mbili za kwanza za heshi, na saraka hutengenezwa na yule anayeihitaji mara ya kwanza. Akaunti za wale wa zamani zilikuwa na umask ya 022, maana yake saraka mpya huandikwa na mwenyewe tu. Kwa hiyo heshi yako ikiangukia saraka uliyoitengeneza wewe, unapita. Ikiangukia aliyoitengeneza mwenzako, unakataliwa. Na yule aliyerundika kazi ya siku nne? Msukumo wenye vitu visivyopungua 100 Git haiufungui. Huuhifadhi kama ulivyo, furushi zima, katika saraka ya mafurushi, na hiyo kwa bahati ilikuwa wazi kwa kikundi kizima.

Sisahau utamu wa dakika ile. Malalamiko matatu yaliyokuwa yakipingana yaligeuka kuwa kisa kimoja. Na utamu huo ndio ulionifanya niharakishe. Hazina zote zilikaa ndani ya saraka ya nyumbani ya akaunti ya git, nami nikaandika amri moja ya chmod -R g+w kuanzia juu kabisa, kwenye saraka ile ya nyumbani, ili kikundi kiweze kuandika kila mahali. Dada akajaribu, ikapita. Akajaribu tena, ikapita. Nikaenda kunywa maji nikiwa na amani.

Niliporudi, wale wengine wote, waliopitia akaunti ya git na ambao hawakuwa na tatizo lolote asubuhi, walikuwa wamefungiwa nje. Hata kuvuta kazi hawakuweza. Kompyuta zao ziliwaambia tu kwamba wamekataliwa, ufunguo, ule unaotumika badala ya nenosiri, haukukubaliwa.

Nilichofanya kwa nusu saa iliyofuata kinaniuma mpaka leo. Nilijaribu kuingia mwenyewe kwa akaunti yangu, nikaingia bila shida, nikawajibu kwamba seva iko sawa na waangalie funguo zao. Kijana mmoja aliyeanza kazi wiki ile ile alitengeneza ufunguo mpya na kunitumia. Nikauongeza, akakataliwa tena, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Mwingine alikuwa ameanza kufuta na kusakinisha upya programu kwenye kompyuta yake kwa ushauri wangu.

Jibu lilikuwa kwenye seva tangu dakika ya kwanza, ndani ya /var/log/auth.log, limeandikwa tena na tena kila mtu alipogonga mlango: uthibitisho umekataliwa, ruhusa za saraka ya nyumbani ya git si salama. Seva ya SSH, programu inayopokea wanaoingia kutoka mbali, haiamini funguo zilizo katika saraka ambayo mtu mwingine anaweza kuiandika, kwa sababu anayeweza kuandika hapo anaweza kupachika ufunguo wake na kujifanya wewe. Amri yangu ilikuwa imeifungua saraka hiyo kwa kikundi kizima. Na aliyeko nje haambiwi sababu, kwa makusudi, ili mvamizi asipewe msaada. Sababu huandikwa ndani tu, mahali ambapo mimi peke yangu ningeweza kusoma, na sikusoma. Akaunti yangu iliingia kwa sababu saraka yangu ya nyumbani haikuguswa. Kuingia kwangu hakukuthibitisha chochote kuhusu wao.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa yale maji. Niliondoa ruhusa ya kikundi kwenye saraka ya nyumbani, nikairudisha .ssh kwenye 700 na faili la funguo kwenye 600. Kisha nikafanya kwa utulivu kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: core.sharedRepository iwe group katika hazina zilizohusika tu, na saraka za ndani yake zirithi kikundi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia amekataliwa, kabla sijamjibu neno ninafungua logi ya seva, ninamwomba ajaribu tena, na ninaangalia mstari wake ukiingia. Simwambii tena kwamba kwangu inafanya kazi.

Jioni ile nilikaa nikajaribu kuandika ni nini hasa nilichokibadilisha mchana, na sikuweza kukikumbuka chote. Ndipo jambo lililokuwa limejificha likanijia waziwazi. Seva ile ilijua kila neno ambalo kila mtengenezaji alilibadilisha kwa miaka mingi, nani, lini, na kwa maelezo gani. Kuhusu yenyewe haikujua kitu. Amri nilizoandika hazikuwa na komiti, wala ule mstari wa mtangulizi wangu. Nikaanzisha hazina moja zaidi, ndogo, ya seva yenyewe: nakala za mafaili ya mipangilio, pamoja na faili la kawaida la maandishi nililoliita daftari. Kila badiliko lina tarehe, sababu, jinsi ya kulirudisha nyuma, na kama ni la muda, siku ya kuliondoa. Nakala ya hazina hiyo hukaa kwenye kompyuta yangu pia, maana daftari la kuokolea seva haliwezi kukaa kwenye seva peke yake.

Mambo mengine ya kipindi kile nitayapitia kwa haraka. Tulikuwa bado na hazina chache za Subversion, mfumo mwingine wa kudhibiti matoleo, na skripti ya kutuma taarifa baada ya kila komiti ilikuwa imekufa kimya. Nikiiendesha kwa mkono, inatuma. Seva ikiiendesha, kimya. Subversion huziendesha skripti hizo katika mazingira matupu, hata PATH, orodha ya mahali pa kutafuta programu, haipo, kwa hiyo kila programu lazima iitwe kwa njia yake kamili. Na Aprili 2022, Git ilipotoa toleo la 2.35.2 ili kuziba pengo la usalama, ilianza kukataa kufanya kazi katika hazina inayomilikiwa na akaunti nyingine. Programu yetu ya majaribio ilisimama siku tulipoboresha. Niliona watu wakipendekeza kuweka nyota kwenye safe.directory, orodha ya hazina zinazoruhusiwa, ili kila kitu kikubalike. Sikubaliani na ushauri huo: ni kuufuta ulinzi wenyewe. Niliorodhesha saraka zilizohitajika, moja moja, na nikaandika sababu kwenye daftari.

Nakala za akiba, hizo haziwezi kupitiwa haraka. Nilirithi skripti iliyonakili hazina zote kila usiku kwenda mashine ya pili, na kila asubuhi ilileta taarifa kwamba imefaulu. Niliiamini kwa karibu mwaka mzima. Kisha nikasoma yaliyoupata mradi wa KDE mwaka 2013, ulipokaribia kupoteza hazina zake zipatazo 1,500 kwa sababu seva zake za pembeni ziliiga kwa uaminifu uharibifu uliokuwa kwenye seva kuu. Ziliokolewa na nakala iliyobaki nzima kwenye seva moja. Usiku huo sikulala vizuri. Skripti yetu ilikuwa na --delete: kilichofutwa kwenye seva kuu leo, kesho kimefutwa kwenye akiba.

Asubuhi nikachukua mashine tupu, nikarudisha hazina zote kutoka kwenye akiba, na kuendesha git fsck, amri inayokagua kama hazina ni nzima, kwa kila moja. Nyingi zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa na matawi yanayoelekeza kwenye komiti ambazo hazikuwemo. Sababu ilionekana nilipofuatilia saa za kunakili: skripti ilinakili kwanza saraka ya vitu, halafu saraka ya matawi, na kuna mtu aliyefanya kazi usiku akasukuma katikati. Vitu vyake vipya vilikosa safari, lakini jina la tawi lililosogea likapata. Kila asubuhi tulipokea taarifa ya kufaulu, na skripti haikudanganya, kwa sababu kazi yake ilikuwa kunakili mafaili na iliyanakili. Hakuna aliyewahi kuiuliza kama kilichonakiliwa kinafunguka. Sasa tunachukua nakala kwa git yenyewe, ambayo inajua vitu vipi vinahitajika na tawi lipi, tunazihifadhi za siku kadhaa bila kufuta za jana, na mara moja kila mwezi mtu anarudisha zote kwenye mashine tupu na kuzikagua. Mtu huyo si lazima awe mimi. Ninapenda zaidi asiwe mimi.

Halafu likaja tukio lililonijibu swali la siku ya kwanza.

Kijana wetu, yule wa ufunguo, sasa alikuwa mzoefu kiasi. Alishirikiana tawi moja na mwenzake aliyekwenda likizo. Siku mwenzake alipoondoka, kijana alisukuma kazi yake na Git ikamkatalia, kwa kuwa seva ilikuwa na komiti za mwenzake ambazo yeye hakuwa amezivuta. Badala ya kuvuta, alisukuma kwa lazima. Ikapita. Hakuna aliyejua. Siku ya 11 mwenzake alirudi, akakuta amepewa kompyuta mpya na ile ya zamani imeshafutwa, akavuta tawi lake, na kazi yake ya wiki nzima haikuwemo.

Kijana alikuja mezani kwangu akiwa amepauka. "Bosi, nimefuta kazi ya mtu." Nilimwambia akae, kwa sababu nilijua bado hajafuta kitu. Kusukuma kwa lazima huhamisha jina la tawi. Komiti za zamani hubaki zilipo, bila jina linaloelekea kwao. Shida ni kwamba Git huvipa vitu vya aina hiyo wiki mbili kabla ya kuvisafisha, na siku 11 zilikuwa zimeshapita. Shida ya pili, hazina za kwenye seva hazitunzi kumbukumbu ya mahali tawi lilipopita, tofauti na hazina iliyo kwenye kompyuta ya mtengenezaji. Kumbukumbu hiyo huzimwa mpaka uiwashe, nami sikuwa nimeiwasha.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa nilichofanya, kabla ya kutafuta lolote, ni kuzuia usafishaji usije ukajianzisha tukiwa katikati ya kazi. Niliandika gc.auto, sifuri.

Vidole vikasimama juu ya kibodi. Nilikuwa nimeuandika mstari ule ule, neno kwa neno. Mtu aliyeniachia karatasi ya mistari minne hakuwa mzembe. Siku fulani huenda naye alikaa kwenye kiti hiki na mtu aliyepauka pembeni yake, akazima usafishaji ili aokoe kazi ya mwenzake, akaiokoa, wakafurahi, na kesho yake kukawa na jambo jingine. Nilikuwa nimemlaumu moyoni kwa zaidi ya mwaka.

Tuliendesha git fsck, tukapata komiti 37 zisizo na tawi. Nilimpa kijana kibodi, tukazifungua moja moja kwa git show, mwenye kazi akiwa amesimama nyuma yetu. Kwenye ya 22 akasema, "Hiyo. Hiyo hapo." Ilikuwa ncha ya kazi yake, na nyuma yake komiti zote zilizotangulia, hakuna iliyopungua. Kijana akaandika git branch, jina, na heshi ile, kisha akaegemea kiti na kufumba macho kwa muda.

Baadaye niliwasha kumbukumbu ile, core.logAllRefUpdates, kwa hazina zote, nikaweka receive.denyNonFastForwards kwenye zile ambazo hazihitaji kusukumwa kwa lazima. Vyote viwili vikaingia kwenye daftari. Kisha nikaandika ingizo la tatu: gc.auto imezimwa leo ili kuokoa tawi, irudishwe baada ya siku 3, mwenye jukumu ni mimi, na kama sipo, yeyote anayesoma hapa.

Siku ya tatu sikuwa kazini. Niliporudi nilikuta mstari umeshaondolewa, na chini ya ingizo langu pana komiti ya kijana, yenye tarehe na saa, imeandikwa: "Nimeirudisha. Nimehakiki kwanza kwamba tawi lipo na limechukuliwa kwenye nakala ya akiba ya jana usiku."

Nilirudi juu kabisa ya daftari, kwenye ukurasa wa siku ya ainodi nilioujaza baadaye, ambapo nilikuwa nimeandika kwamba usafishaji ulizimwa bila sababu. Nikalifuta neno "bila", nikaandika upya, na nikakomiti.